Kosa la Shangazi Milojka

Mkono wa kulia ulianza kwanza.
Kikombe kilipiga kelele juu ya kisosi chake,
naye akakitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.
Daktari wa Ljubljana alitaja jina refu.
Shangazi alitaja neno moja: vijiti.

Jozi arobaini za vijiti vya mbao,
mto mgumu uliojazwa maranda, pini mia mbili,
na uzi mwembamba kuliko subira yangu.
Miaka hamsini na mmoja alivusha, akasokota, akavusha,
lesi ikishuka mezani taratibu, kidole kwa siku.
Sasa vijiti viligongana vyenyewe,
vikajibu visivyoulizwa.

Mimi ndiye niliyempelekea mashine:
kompyuta ya mtumba kutoka ofisi ya mgodi uliofungwa,
na programu ya bure ya kuchora maumbo ya pande tatu.
Nilidhani atacheza karata.
Wiki ya tatu nilimkuta na miwani mbili, moja juu ya nyingine,
akiilisha kanuni namba, akisubiri.
"Inachukua umbo," aliniambia, "inalikunja kama shuka,
inalipindua, inalikuza, inaongeza namba niliyoipa,
halafu inaanza upya na kile ilichokipata.
Huku si kusuka?"

Nilichungulia. Palikuwa na pango.
Ndani ya pango nguzo, ndani ya nguzo matundu,
na kila tundu, ukilisogelea, ni mlango wa pango.
Aliendesha kamera kwa kidole kimoja:
hatua nusu, hatua robo, nusu ya robo,
wala hatukufika. Sijui tulikuwa tunakwenda wapi.
Supu ikapoa.
"Mkono unatetemeka," alisema. "Namba haitetemeki."

Picha kubwa hupikwa usiku kucha.
Feni hulia kama nyuki ndani ya debe,
paka amehamia juu ya mashine na hataki kusikia,
theluji ya dirishani huyeyuka upande huo tu.
Ankara ya umeme nailipa mimi; anajifanya hajui.
Saa tisa usiku huamka kwenda msalani,
akasimama gizani na gauni la kulalia
kuhesabu mistari iliyokwisha kujitokeza,
kama zamani alivyohesabu pini.

Ila mwezi Machi alinuna.
"Imetimia mno."
Kila lesi yake ilikuwa na fundo moja la uongo
karibu na pembe, mahali ambapo mnunuzi hatazami.
Hilo ndilo jina langu, alizoea kusema; sahihi ni ya benki.
Akatafuta pa kulitia huku.
Lakini kanuni haina pini ya kuchomoa.
Basi akaiendea desimali ya saba,
palipokuwa na nne akaandika tano,
akabonyeza, akalala.

Asubuhi kosa lilikuwa limezaa.
Kila nguzo imeteguka nyonga kidogo, kushoto,
na kila tundu la kila nguzo,
na ukungo wa kila tundu.
Tulisogea, tukasogea: hakuna pembe isiyolijua.
Kwenye uzi kosa hukaa lilikozaliwa.
Hapa lilirithiwa hadi kwa vilembwe
ambao mashine yenyewe bado haijawachora.

Nilingoja alifute.
Alikaa kimya, mkono ukigonga meza kwa hesabu zake.
Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyemkuta nduguye
katika picha ya harusi ya watu wengine.
"Mwone bibi yako Frančiška alivyokuwa akitembea."

Na kweli. Nyonga ileile, tangu ngazi za mgodini.
Nilitazama kiganja changu juu ya kipanya.
Kimetulia. Kwa leo.

Fundi wa kuchapa kule Tolmin
aliuliza sahihi ya msanii iko wapi.
Nilikuwa nimechoka, barabara ilikuwa na barafu.
Nikamwambia: anza popote.